Ngozi Iliyopigwa na Jua kwa Miaka: Namna ya Kuikagua, Kuilinda na Kuamua Kama Itibiwe au Iachwe

Mtu anapofika miaka hamsini na kitu, hasa yule aliyelima, aliyevua, aliyeuza sokoni au aliyeendesha gari tangu ujana, huanza kuiona ngozi yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mashavu yana mabaka, shingo imekauka na kukunjamana, migongo ya mikono ina madoa ambayo hayakuwapo, na chini ya macho vimeota vinundu vyeusi vidogo kama mbegu za papai. Hapo huzuka maswali mawili ambayo wengi huyachanganya kuwa moja: je, kuna hatari, na je, kuna kero? Muuza vipodozi hulijibu la pili haraka bila kuligusa la kwanza, na ndiyo maana utamkuta mama aliyemaliza akiba yake kwa mabaka yasiyomdhuru, huku jirani yake mvuvi akiwa na kidonda cha mdomo wa chini kinachoingia mwezi wa saba kikipakwa mafuta ya mgando. Katika mwongozo huu hatari inatangulia, kinga inafuata, na urembo unakuja mwisho. Ukiupindua mpangilio huo utapoteza fedha, na wakati mwingine utapoteza zaidi ya fedha.

Hatua ya kwanza: fahamu jua limefanya nini

Miale ya urujuanimno inayotufikia ni ya aina mbili. UVB ndiyo inayounguza ngozi ya juu na kuharibu vinasaba vya chembe zake. UVA hupenya zaidi, hupita hata kwenye kioo cha dirisha, na hufika tabaka la chini, ambako huchochea vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, yaani nyuzi zinazoishika ngozi isilegee. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye umri wa miaka 69, ambaye alikuwa ameendesha kwa miaka 28: nusu ya kushoto ya uso wake, iliyokaa dirishani, ilikuwa imekunjamana na kuwa nene kama ya mzee zaidi, na nusu ya kulia ilikuwa ya umri wake. Tanzania, Kenya na Uganda usukani uko kulia, kwa hiyo dereva wa masafa marefu wa huku aanze kujichunguza shavu la kulia na mkono wa kulia.

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1970 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi huzuia UVB kwa kiwango kinacholingana na SPF (kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye mafuta ya jua) ya 13 hivi, wakati la ngozi nyeupe halifiki 4. Kwa sababu hiyo makunyanzi hutuchelewea, na jua huacha alama zake kwetu zaidi kwa rangi: mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, paji la uso lililo jeusi kuliko kidevu, madoa yanayogoma kufutika baada ya chunusi. Kwa mtu mwenye ualbino kinga hiyo karibu haipo kabisa, na uharibifu ambao mkulima mweusi huuona akiwa na miaka 65, yeye huweza kuubeba akiwa bado shuleni.

Usidanganywe na baridi. Karibu na ikweta nguvu ya jua la mchana hupita mara kwa mara 11 kwenye kipimo cha miale ya urujuanimno (UV index), ambapo 11 kwenda juu ndilo daraja la juu kabisa la hatari, na miale huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mtu wa Njombe, Mbeya au Nairobi aliyevaa sweta huweza kupata miale mingi kuliko mtu wa Tanga anayetokwa jasho.

Hatua ya pili: jikague mwili mzima, mchana, bila haraka

Chagua siku moja ya mapumziko, baada ya kuoga, mahali penye mwanga wa dirisha, ukiwa na kioo na mtu unayemwamini wa kukutazama mgongoni na nyuma ya shingo. Anza na utosi, hasa kama una upara, kisha ukingo wa masikio na nyuma yake, pua, mdomo wa chini, shingo, migongo ya mikono, miguu chini ya magoti. Hayo ndiyo maeneo yanayokula jua zaidi.

Usiishie hapo, kwa sababu kwa mtu mweusi saratani ya ngozi mara nyingi hujitokeza mahali ambapo jua halifiki. Tazama nyayo, viganja, katikati ya vidole na kucha zote. Tazama makovu ya zamani ya moto na vidonda sugu vya mguuni, kwani kovu la moto la utotoni linaloanza kuchubuka na kutoa kidonda baada ya miaka ishirini au thelathini linatakiwa kuonwa na daktari mara moja. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, saratani yake ilianzia kwenye kidole cha mguu, na watu wengi hawajui kwamba aina hiyo ndiyo melanoma, yaani saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, inayowapata zaidi watu weusi.

Macho nayo yakaguliwe. Kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho kikielekea mboni huwapata sana wanaofanya kazi juani na vumbini, na kwa kawaida hakina hatari kubwa. Lakini Afrika Mashariki ina saratani ya utando wa jicho inayohusishwa na jua pamoja na virusi vya UKIMWI, na kwa macho ya kawaida mtu hawezi kuvitofautisha hivyo viwili. Kinyama kilichokua ndani ya miezi michache, chenye weupe kama gamba au mishipa mingi ya damu, kipelekwe kliniki ya macho.

Kila unachokitilia shaka kipige picha ukiwa umeweka sarafu pembeni, uandike tarehe na mahali kilipo mwilini. Picha ya mwezi wa pili ndiyo itakayokueleza kama kinakua, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu juu ya ngozi yake mwenyewe ni dhaifu kuliko anavyodhani.

Hatua ya tatu: yapange uliyoyaona

Fungu la kwanza ni la kwenda hospitali bila kusubiri. Humo kuna kidonda chochote kisichopona kwa wiki nne. Kinundu kigumu chenye gamba au pembe kinachokua wiki hadi wiki. Mahali panapotoka damu pakiguswa kidogo na taulo. Mdomo wa chini unaochanika na kuwa mweupe mahali palepale kila mara. Doa jeusi linalobadilika umbo au rangi, hasa kwenye unyayo. Na mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja wa mtu mzima, hasa ukiwa unapanuka au rangi yake ikimwagikia ngozi ya pembeni. Watu weusi wengi huwa na mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa tangu ujana, na hiyo ni hali ya kawaida. Kinachotakiwa kukushtua ni mmoja mpya, peke yake. Katika fungu hili usikubali kuchomwa, kukatwa wala kupakwa chochote kabla kipande kidogo hakijapimwa maabara, kwa sababu anayekiondoa bila kukipima ameondoa ushahidi na huenda ameacha mzizi.

Fungu la pili ni la mambo ya umri na ya urithi. Vile vinundu vyeusi vidogo vya mashavuni na shingoni, vinavyoonekana kwenye familia nzima, kwa mama, shangazi na binti, havigeuki kuwa saratani. Vivyo hivyo vinundu vya kahawia vinavyoonekana kama vimebandikwa tu juu ya ngozi, madoa bapa ya migongo ya mikono, makunyanzi na ukavu. Hivi ni kero kwa anayekereka tu.

Fungu la tatu liko katikati, na linawahusu hasa watu wenye ualbino na watu wenye ngozi nyeupe walioishi huku muda mrefu. Ni magamba makavu yanayokwaruza kama msasa, ambayo mara nyingi kidole huyagundua kabla ya jicho, yakiwa kwenye paji la uso, masikio, migongo ya mikono. Kila gamba likihesabiwa peke yake, yaliyo mengi hayageuki kuwa saratani, na mengine hupotea yenyewe; lakini mtu mwenye magamba ishirini ana uwanja mzima wa ngozi ulioharibika, na saratani ikitokea hutokea katika uwanja huo. Ya mtu mwenye ualbino yatibiwe, na akaguliwe na mtaalamu kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Ya bibi wa miaka 85 mwenye maradhi mengine, yakiwa machache na hayabadiliki, yanaweza kuachwa na kuangaliwa tu, na daktari atakayemshauri hivyo hajamtupa.

Hatua ya nne: zuia kabla ya kutibu

Kutibu ngozi ambayo kesho inarudi juani vilevile ni kudeki nyumba inayovuja. Kinga huanza na nguo na saa. Epuka jua la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri kadiri kazi inavyoruhusu, na pale usipokuwa na saa, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Kofia iwe na ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Kepe hufunika paji la uso peke yake, na masikio ndiyo yanayolipa. Shati la mikono mirefu la kitambaa kilichoshonana vizuri, kanga iliyotandwa vyema, au kitenge kizito huzuia zaidi ya krimu nyingi zinavyozuia kwa jinsi zinavyopakwa na watu wengi.

Mafuta ya kujikinga na jua yana hesabu yake. SPF 30 iliyopakwa kikamilifu huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, na SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo tofauti ya bei haina maana kubwa. Jambo la maana ni kiasi. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili, shahada na cha kati, na mwili wa mtu mzima unahitaji kama mililita 30 kwa mpako mmoja, upakwe tena kila baada ya saa mbili. Chupa ya mililita 100 inaisha kwa mipako mitatu na kidogo! Ndiyo sababu nguo ifunike mwili, na mafuta yabaki kwa uso, masikio, midomo na mikono. Hakikisha chupa inaeleza kwamba inazuia UVA pia.

Je, mtu mweusi anayahitaji? Hapa watangazaji hutia chumvi. Ushahidi kwamba mafuta haya yanamkinga mtu mweusi dhidi ya saratani ni mwembamba, na sioni haja ya mkulima mweusi asiye na tatizo kununua chupa kila mwezi badala ya kununua kofia moja nzuri. Mwenye mabaka ya uso, kwake mafuta ni nusu ya tiba, lakini achague yenye rangi ya kahawia kama poda ya kujipodoa, kwa kuwa mabaka ya ngozi nyeusi huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, na oksidi za chuma zinazotia rangi hiyo ndizo zinazouzuia. Mafuta meupe au yasiyo na rangi kwa kawaida hayauzuii ipasavyo. Liwa ya pwani ni urembo mzuri, ila haina kipimo cha kinga cha kutegemea na hubanduka kwa jasho.

Kwa mtu mwenye ualbino hoja ni nyingine kabisa: mafuta ni dawa kwake, kama insulini ilivyo kwa mgonjwa wa kisukari. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na nchini Kenya serikali huyatoa mafuta ya kinga kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Uliza hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino kabla ya kununua kwa bei ya dukani.

Kabla hujaondoka kwenye hatua hii, toa dawa zako zote za kumeza uziweke mezani. Haidroklorothiazidi ya shinikizo la damu, doksisaiklini na kotrimoksazoli huweza kuifanya ngozi iungue upesi juani. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari, aone kama zipo nyingine za kukubadilishia.

Kinga hulipa hata kwa aliyechelewa. Katika utafiti uliofanyika Nambour, Australia, na kuchapishwa mwaka 2013, watu wazima wa chini ya miaka 55 waliopaka kila siku kwa miaka minne na nusu walikuwa na dalili za uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka kwa hiari yao. Washiriki hao walikuwa na ngozi nyeupe, kwa hiyo usitarajie namba hiyohiyo kwa ngozi nyeusi.

Hatua ya tano: amua

Sasa ndipo swali la kero linapopata nafasi. Kaa nalo mwenyewe kwanza: nani anakereka? Kama ni wewe kila unapojitazama kiooni, hiyo ni sababu ya kutosha, na hakuna ubatili wowote katika kutaka uso unaoupenda ukiwa na miaka sitini. Kama ni binti aliyeweka picha yako kwenye kundi la familia akakuchekea, ngoja wiki chache.

Halafu tazama mambo yanayoweza kukukwamisha. Je, unaweza kujikinga na jua kwa miezi mitatu mfululizo baada ya tiba? Mkulima aliye katikati ya msimu wa palizi hawezi, na aanze baada ya mavuno. Je, makovu yako huvimba na kukua? Anayeota makovu ya namna hiyo asichomwe vinundu vya kifuani au shingoni kwa ajili ya urembo tu. Je, kila chunusi inakuachia doa jeusi? Basi tiba kali itakuachia doa kubwa zaidi. Ngozi nyeusi hujibu jeraha kwa kutoa rangi, na mara nyingi mtu hutoka kliniki ya urembo akiwa ameondoa kasoro moja na kupata alama kumi. Je, una fedha za miezi sita, maana tiba nyingi hizi zikikatizwa njiani hazina faida? Kuacha ni uamuzi halali. Vinundu vya mashavuni vya bibi zetu havijawahi kumzuia mtu kuposwa.

Hatua ya sita: tiba zenyewe

Kwa makunyanzi madogo na rangi isiyolingana, dawa yenye ushahidi wa muda mrefu ni tretinoini ya kupaka, ambayo faida yake kwa ngozi iliyopigwa na jua imechunguzwa tangu miaka ya 1980. Anza na asilimia 0.025, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, usiku, uso ukiwa mkavu, mara mbili kwa wiki. Ongeza taratibu ngozi ikizoea, na ukiona inachubuka na kuwasha, punguza siku na ongeza mafuta ya kulainisha, kwa sababu mwasho wenyewe huleta weusi. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Mjamzito na anayetafuta mimba wasiitumie. Kwa hao, na kwa wenye ngozi nyepesi kuwashwa, asidi ya azelaiki ni mbadala mzuri wa mabaka.

Kwa magamba ya jua kuna krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, inayopakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne kwa maelekezo ya daktari. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 uliilinganisha na tiba nyingine tatu, na ndiyo iliyoshinda: baada ya mwaka mmoja ilikuwa bado imefanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa 7 kati ya 10. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba katika wiki ya pili na ya tatu uso utawaka, utatoa magamba na vidonda vidogo, na hiyo ndiyo dawa ikifanya kazi. Wengi huiacha hapo wakidhani imewadhuru.

Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika ni haraka na kunafaa kwa gamba moja moja, lakini chembe zinazotengeneza rangi hufa kwa baridi ndogo kuliko inayoua chembe nyingine, kwa hiyo kwa mtu mweusi huweza kubaki alama nyeupe ya kudumu. Vinundu vyeusi vya mashavuni ni afadhali viondolewe kwa mkasi mdogo au kwa kuchomwa kidogo na umeme, na mtaalamu aanze na viwili au vitatu mahali pasipoonekana, angoje wiki kadhaa aone ngozi inavyopona. Leza sina mengi ya kusema juu yake: ni ghali, na kwa ngozi nyeusi mashine isiyo sahihi inaunguza.

Mkorogo nauweka peke yake. Krimu za kung'arisha za sokoni huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, mara nyingine zote kwa pamoja. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka huzaa weusi wa bluu-kijivu usioondoka, mashavuni palepale ulipotaka weupe. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na ukiiacha ghafla uso unalipuka vipele. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda, lakini bado vinapita. Daktari wa ngozi huweza kukuandikia haidrokwinoni kwa miezi michache kwa mabaka, akikufuatilia. Hiyo ni dawa yenye kipimo na mwisho, na haifanani na kopo lisilo na orodha ya viungo. Ndimu nayo usiipake ukaingia juani, kwani maji yake yakikutana na miale huunguza ngozi na kuacha weusi wa miezi.

Hatua ya saba: siku ya daktari na baada yake

Nenda bila kujipodoa, ukiwa na zile picha zenye sarafu na tarehe, dawa zako, na makopo yote unayopaka, pamoja na yale unayoyaonea aibu. Eleza kazi uliyofanya maishani na una muda gani na kila tatizo. Uliza maswali manne: hiki ni nini, kitakuwaje nikikiacha, tiba hii huacha alama gani kwa ngozi kama yangu, na nitajuaje kama imeshindikana. Kipande kikipelekwa maabara, andika namba ya sampuli na tarehe ya majibu, kisha ufuatilie mwenyewe, maana majibu mengi hulala kwenye faili la mgonjwa ambaye hakurudi. Majibu yakiwa ya saratani, usianze kutafuta dawa za kienyeji wakati unasubiri rufaa ya KCMC, Muhimbili au Ocean Road. Saratani nyingi za ngozi za juani huisha kwa upasuaji mmoja zikikatwa zikiwa ndogo.

Kwa aliyeanza tiba ya urembo, piga picha nyingine baada ya miezi mitatu na baada ya sita, kwenye dirisha lilelile na saa ileile, uso ukiwa haujapakwa kitu. Kama ya mwezi wa sita haitofautiani na ya kwanza ingawa hukuruka siku, acha dawa hiyo na ubaki na kofia. Kama inatofautiana, endelea, ila kwa siku pungufu za wiki kuliko ulizokuwa umefikia, na ule ukaguzi wa mwili mzima urudie kila mwaka, kuanzia utosini.